Mlango Uliomjua Kila Mtu

"Nakili, kisha utoke. Usifute hata herufi moja."

"Nitafuta, Mkuu."

"Unabishana na mimi?"

"Nabishana na mlango. Wewe unanijazia sikio tu."

Jasusi waliyemwita Sindano alibana mgongo ukutani, sauti ya Mkuu ikimfikia kupitia kisikilizi sikioni. Ngazi ya dharura ilinuka dawa ya sakafu. Chini, walinzi wawili walikuwa wanapanda taratibu. Bastola ya Glock ilimchoma kiunoni. Aliiacha hapohapo.

Nyuma ya mlango kulikuwa na seva, na ndani ya seva, filta ya urembo, programu inayobadilisha nyuso pichani. Wageni walioiunda wangeipenyeza kesho kwenye kamera za pasipoti, nchi nzima. Ingempausha kila mweusi na kumchonga pua. Kisha mpakani mashine ingemkana: huyu si wewe. Wao ndio wangeamua nani apite.

Na Mkuu alitaka nakala.

Kamera ya mlangoni iliwaka nyekundu. Ilimkubali mweusi mmoja tu, mhandisi wao wa kike.

Sindano alitoa simu. Picha ya mwisho ilikuwa ya bintiye, imetumwa asubuhi kutoka bweni la chuo. *Mama, nimependeza?* Mashavu meupe, pua kama wembe. Kovu la juu ya jicho, alilolipata siku mama yake akiwa kazini, halikuwapo. Sindano alilazimika kusoma namba ya simu ili ajue ni nani. Hakujibu.

Akafungua picha ya mhandisi, aliyoitoa mtandaoni.

Mapacha.

Filta ileile, iliyokwisha kuenea kwenye simu, iliwapitia wote wawili. Na wale wageni, kwa majivuno, walikuwa wameifunga hata kwenye kamera ya mlango wao.

Aliinua picha ya mwanawe mbele ya kamera.

Kijani.

"Karibu, Mhandisi," mlango ulisema.

Aliingia.

"Nakili," Mkuu alisema. "Nasi tutaihitaji siku moja."

"Tumfanyie nani?"

Alipiga goti mbele ya seva.

"Mwanangu ndiye aliyefungua mlango huu, Mkuu. Na angeweza kuufungua mtoto wa mweusi yeyote."

Alichomeka flash ya kufutia. Skrini ikazima.

Ngazini alipishana na walinzi. Mmoja alitazama kidude chake cha mkononi, kilichoonyesha nani amefungua mlango, si uso wa Sindano.

"Leo umewahi kumaliza, Mhandisi."

"Nimemaliza kabisa."

Nje, gari la Mkuu lilimsubiri kushoto. Alichomoa kisikilizi sikioni, akakitupa kwenye pipa la taka, akamwandikia bintiye: *Nakuja huko. Njoo na uso wako. Nataka nikujue kwa mbali.*

Akakata kulia, kuelekea stendi ya mabasi.