Namba Niliyodai Naijua Ilinipotezea Peres

Nina umri wa miaka arobaini na sita, sina mke, na naandika haya nikiwa katika mji ambao hata barabara zake sijazizoea. Mimi ni fundi wa magari. Napima injini kwa mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani, ikasoma kompyuta ya gari na kunipa namba ya hitilafu. Namba moja tu, wasomaji wenzangu, ndiyo iliyonivunjia maisha. Sikieni.

Nilizaliwa Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge, na tangu nimalize kidato cha nne miguu yangu haijatulia. Voi, Mariakani, Nakuru, Eldoret, Busia… Kila mji niliuingia nikisema huu ndio wa mwisho. Kila mji nilianza kuukumbuka siku niliyoupa mgongo. Sijui nimeumbwaje!

Migori nilifika kwa lori lililobeba kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, kutoka Athi River kwenda machimbo ya Osiri. Dereva alinichukua bure kwa sharti nimwangalizie injini njiani. Siku tatu nzima! Narok pampu ya dizeli ilitusimamisha hadi asubuhi. Kisii mvua ilinyesha mpaka tukasukuma mawe chini ya magurudumu ili lori lisirudi nyuma. Tulipoingia Osiri wachimbaji walilizunguka lori wakishangilia kama tumewaletea bibi harusi. Nikacheka nao. Nikajiambia: hapa siondoki tena.

Mjini Migori fundi mwenyeji aitwaye Otieno alinipa nafasi chini ya mabati yake, karibu na mto. Hakuniuliza natoka kabila gani. Alisema tu, "Omera, ndugu yangu, kama unajua kazi, kaa."

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Namba za hitilafu zinazoanza na P-sufuri zina maana moja kwa magari karibu yote. Balaa ni zile za P-moja. Hizo kila kiwanda hujipangia maana yake. Namba ileile kwenye gari hili ni waya wa nozeli inayopulizia mafuta, kwenye gari lile ni kitu kingine kabisa. Ukiitafuta mtandaoni unapewa maana tano, na zote zinaapa ni za kweli!

Ndiyo maana mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Kila siku saa nne, wakati wa chai, aliyegundua maana ya P-moja yoyote aliitaja mbele ya wenzake, pamoja na aina ya gari. Ukitoa moja, unaruhusiwa kuuliza moja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini iliheshimiwa kuliko sala.

Mimi nilikunywa chai tu. Daftari langu lilikuwa na namba mia na zaidi, nilizozikusanya mji kwa mji, nami nilizificha. Nilijiambia, hawa ni wenyeji, wana mashamba na ndugu. Mimi nina nini zaidi ya daftari? Miaka miwili sikutoa hata moja ya maana. Otieno, aliyenipa jina la Mpwani, alinitania, "Mpwani, wewe ni kama kisima cha jirani. Maji tunayasikia, lakini kamba hatupewi!" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ningejua…

Kisha nikampata Peres.

Peres alikuwa mjane wa Homa Bay, muuza mbuta. Alipakia samaki na barafu kwenye gari lake dogo la mizigo, akapanda mlima wa Rodi, akapita Rongo, akauza Migori na Osiri. Aliendesha mwenyewe. Alikuja kwetu na breki mbovu, akasimama juu yangu nikiwa chini ya gari akaniuliza, "Fundi, huko chini umelala ama unafanya kazi?" Nikampenda hapohapo!

Gari lile lilikuwa la marehemu mumewe. Baada ya mazishi ndugu wa mume walilitaka, hasa shemeji yake mkubwa, Ochola. Wazee wa kanisa wakaamua: Peres abaki nalo maadamu linatembea na kuwalisha watoto. Akiliua, linarudi kwa ndugu. Basi Peres alilitunza kama mtoto mchanga. Kila asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, alifungua boneti akatazama maji na oili. Kila asubuhi! Nilimwona kwa macho yangu.

Tulikubaliana tuoane mwaka ule ukiisha. Watoto wake wawili walianza kuniamkia "Baba". Kwa mara ya kwanza tangu Mwatate, nililala bila kuota barabara.

Ijumaa moja nilikuwa kwake Homa Bay. Gari limeshapakiwa samaki na barafu. Peres ni Msabato, ilimlazimu auze na kurudi kabla jua halijatua. Alipowasha, taa ya injini ikawaka.

"Mpwani, njoo uone. Na geji ya joto ilikufa zamani. Si gari linachemka, kweli? Jana nikipanda Rodi nilisikia harufu."

Nikachomeka mashine. P1217. Nikafungua daftari. Namba hiyo nilikuwa nayo, lakini niliiandika Nakuru kutoka gari la kiwanda kingine, na maana yake ilikuwa waya wa nozeli. Kwa gari la Peres sikuijua. Sikuijua, wasomaji! Moyo uliniambia hivyo waziwazi.

Wanawake wauza samaki walikuwa wametuzunguka. Nikasema kwa sauti, "Ni waya wa nozeli. Kitu kidogo."

"Na ile harufu?"

"Kwani na wewe umekuwa mashine, Mama Samaki?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Peres, nyamaza, umeolewa na kompyuta!" Peres naye akacheka, lakini hakuridhika. Akasema polepole, "Si umpigie Otieno basi? Dakika moja tu."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini nimpigie Otieno nimwambie nini? Miaka miwili sijatoa namba, leo niombe? Na wanawake hawa wanisikie nikiuliza? Nikasema Otieno hawezi kunifundisha kitu.

Peres akatoa simu yake akapiga picha kioo cha mashine. "Wacha niweke, siku nyingine nijue." Nikasafisha waya wa nozeli, nikaifuta namba, taa ikazima. Wakapiga makofi. Nami nikainama kidogo kama mwanasiasa!

Saa tano alinipigia. Gari lilikuwa limezima kwenye mlima wa Rodi likifuka mvuke.

Nilifika kwa bodaboda. Nikafungua boneti. Feni ya rejeta haizunguki, waya wake umeungua. Maji yote yamechemka yakaisha. Kichwa cha injini kimepinda. Injini imekufa! Namba ile ilikuwa ikilia joto, joto, joto… nami nikaiziba mdomo.

Hapo ningeweza kusema kweli. Tulikuwa wawili tu pale, na harufu ya mbuta ilikuwa inaanza kubadilika juani. Peres aliniuliza, "Ni nini, Mpwani?" Nikamwambia nitaangalia vizuri tukifika nyumbani. Jua lilitua tukiwa bado barabarani tunasubiri wa kutuvuta, Sabato ikamkuta pale na samaki wameoza. Hakulalamika. Aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, akinisubiri nimpe jibu.

Jumapili Ochola na wadogo zake wakaja na wazee wa kanisa. Viti vikapangwa uani. Ochola akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani akasema, "Wewe jadak, unasemekana ni fundi. Tuambie gari la ndugu yetu limekufa kwa nini." Jadak ni mtu wa kuja, anayekaa kwenye ardhi isiyo yake. Neno hilo lilinichoma. Niliona nikikiri, nitafukuzwa na jina langu la ufundi litafia palepale.

Nikasema maneno mawili. Nayajutia hadi leo.

"Lilikosa maji."

Peres aligeuka kunitazama. Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele! Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali asipopakumbuka. Akasema taratibu, "Yawa, jamani… labda Ijumaa nilisahau. Nilikuwa na haraka."

Aliniamini kuliko macho yake mwenyewe! Na mimi nikanyamaza. Mnajua uzito wa kunyamaza? Jioni ile gari lilivutwa likaenda kwa Ochola.

Tulizidi kupanga ndoa. Lakini Peres alibadilika. Alianza kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa vikopo, kando ya njia. Alifunga mlango akarudi kuujaribu mara tatu. Alimwuliza binti yake, "Nimeweka chumvi? Uliniona nikiweka?" Kila mara aliniambia, "Mpwani, ndugu wa mume wangu walisema kweli. Mimi si wa kuachiwa kitu." Nami nikamkumbatia na kumwambia asijali. Mimi, niliyemfanya hivyo, nikawa mfariji wake! Je, kuna unyama kuliko huo?

Sikutulia tena. Usingizi ulinikimbia, barabara zikarudi ndotoni. Nilitamani kutoroka, nikatamani kubaki, nikawa mtu wa kuzunguka uwanja wa gereji kama kuku aliyepoteza yai.

Mwezi wa pili tangu gari life ukiwa unakaribia kwisha, Peres alileta omena Migori. Mimi nilikuwa nimekwenda Osiri kutengeneza jenereta. Alikaa na mafundi saa nne, na kwa mazungumzo tu akamwonyesha Otieno ile picha, akisema ndiyo namba ya mwisho ya gari lake. Otieno hata hakumaliza chai. "Kwa gari lako? Mama, hiyo ni injini kupita joto. Hiyo tuliitaja hapa zamani, kabla Mpwani hajaja. Mbona hakuniuliza?"

Niliporudi kutoka Osiri nikamkuta Peres amekaa kwenye tairi akinisubiri, nilijua ameshajua.

Hakunitukana. Alisema, "Nilikuwa nimeanza kuogopa kichwa changu. Nilidhani naugua. Nilikuwa nafikiria nani atalea watoto wangu nikiwa wazimu. Na wewe ulikuwa unaniona."

Nikapiga magoti kwenye oili. Nikasema nitafanya lolote. Akasema, "Njoo Homa Bay useme mbele ya viti vilevile."

Nilikwenda. Nilisema yote mbele ya Ochola, wazee, watoto, na wale wanawake wa samaki waliokuja kusikiliza nje ya ua. Nilisema sikuijua namba, nilisema nilimdhihaki alipotaja joto, nilisema alikagua maji kila asubuhi ya Mungu. Ochola alicheka hadi akashika tumbo. "Jadak, injini imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma! Huo ukweli wako tuupake mkate?" Gari halikurudi. Lakini mzee mmoja wa kanisa alisimama, akavua kofia, akamwomba Peres msamaha kwa niaba ya wote. Nilimwona Peres akinyoosha mgongo. Hicho tu ndicho nilichoweza kumrudishia, na kilikuwa chake tangu mwanzo.

Nilimwuliza kama kuna nafasi ya kuanza upya. Alijibu, "Leo umesema kweli, asante. Lakini nikikwambia nyumba inaungua, utacheka kwanza. Nenda."

Enyi wasomaji, hasa nyinyi mafundi, madaktari, walimu, wote mnaoaminiwa kwa sababu mnasoma kitu ambacho mwenzenu hawezi kukisoma… semeni "sijui"! Neno hilo lingenipa aibu ya dakika moja mbele ya wauza samaki. Nililikwepa, na nimeaibika maisha yangu yote. Na msizifiche elimu zenu kifuani. Asiyetoa hawezi kuuliza, na asiyeuliza huua.

Niliondoka siku hiyohiyo. Sikupitia Rodi, nilishika njia ya Kendu Bay. Watoto wake walinisindikiza hadi barabara kuu kwa sababu hawakuwa wameambiwa kwamba naondoka kabisa, na yule mdogo akaniuliza, "Baba, utarudi lini?"

Kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, nilipoulizwa nikajibu sijui… na hata hapo nilikuwa namdanganya.