Nati Iliyolegea

Nati ilikuwa imelegea tena. Fundi aliigusa kwa ncha ya kidole ikazunguka kama kifuniko cha chupa, na jana jioni alikuwa ameikaza mwenyewe mpaka kiganja kikamuuma. Skrubu iliyo chini ya nati hiyo, ile inayoamua injini ingurume kwa kasi gani inapokuwa haina kazi, ilikuwa imerudishwa nyuma. Injini ilikuwa inagugumiza kwa shida, dug... dug... dug..., na vikombe vikigongana kabatini.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Pale gatini walimwita Fundi Sikio. Alikuwa anahesabu mizunguko ya injini kwa kusikiliza tu, akisema mia nane na hamsini kwa dakika, basi ni mia nane na hamsini. Mwenye kubisha alete kipimo, aaibike. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya matanga, na injini yake ya dizeli ilikaa chini ya ngazi ya kushukia chumbani. Mwenyewe, Nahodha, alifariki miezi saba nyuma akiwa kitandani humo humo. Mjane wake, nesi mstaafu, alikataa kurudi nyumbani, akabaki kulala botini. Sasa mtoto wao alikuwa amepata mnunuzi wa kuichukua Jumamosi, na mnunuzi alitaka injini isiyotetemeka.

"Mama," Fundi aliuliza, "kuna mtu anaigusa hii injini?"

"Nani aiguse, mwanangu? Si unaona niko peke yangu." Nesi alikuwa amejikunyata kitandani, shali begani, macho sakafuni.

"Imewaka tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Sasa ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Fundi alipeleka mkono kwa tahadhari, maana injini iliyonguruma muda wote huo inababua. Chuma kilikuwa baridi. Baridi ya jiwe la chini ya kisima. Ndipo alipogundua kwamba chumba kizima hakinuki dizeli wala moshi. Kilinuka udongo mbichi, udongo uliochimbwa sasa hivi, na harufu ile aliijua, kwani mara ya mwisho kuinusa alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo fupi, fupi mno, na watu wamemshika mabega.

"Baba."

Sauti ilitoka chini ya mlio, katikati ya pigo moja na jingine.

"Baba, shusha kidogo tena. Sikusikii vizuri."

Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka saba, wakimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Ilikuwa miaka miwili sasa, na tangu hapo nyumba yao ilikuwa kimya mpaka saa ya ukutani ikawa kero.

Mkono wa Fundi ulichukua bisibisi bila yeye kuutuma. Akairudisha skrubu robo mzunguko. Injini ikazidi kuzama, dug... ... dug..., na sauti ikaja karibu zaidi, safi, na ile *s* yake iliyovuja upepo palipong'oka meno mawili ya mbele.

"Na wewe unamsikia," Nesi alinong'ona nyuma yake. Hakuwa anauliza. "Kwangu ni Nahodha."

"Anakuambia nini?" Fundi aliuliza.

"Anasema nishushe kidogo tena. Hanisikii vizuri."

Fundi aligeuka. "Mama, huyo siye."

"Najua siye! Nimejua tangu wiki ya kwanza. Mume wangu hakuwahi kuniomba kitu mara mbili, na huyu hachoki kuomba."

"Sasa kwa nini unamshushia?"

"Sauti ni yake," Nesi alisema.

Kisha akatoa mikono yake ndani ya shali. Vidole vilikuwa vya kijivu kama majivu mpaka viungo vya kati. "Ukinichoma sindano hapa sisikii. Ameniambia nikiishusha mpaka ipumue mara ya mwisho, atatoka. Sijui kitatoka nini. Nimejaribu kuipandisha, mkono unakataa. Nisaidie, mwanangu."

Fundi alitazama vidole vyake mwenyewe vilivyoshika bisibisi. Ncha zilikuwa zimeanza kupauka.

Akaanza kukaza, na skrubu ikawa nzito kana kwamba kuna mtu upande wa pili anaikaza kinyume, na mtoto akaanza kulia, kwanza kwa kununa, halafu kwa kwikwi, halafu kwa kile kilio cha usiku ule wa tatu wa homa ambacho Fundi alidhani hatakisikia tena duniani, "Baba unaniumiza, Baba kuna giza, Baba usinifungie," na yeye akawa anakaza huku machozi yanamdondokea kwenye chuma, akihesabu mia sita, mia sita na hamsini, mia saba, akihesabu kwa sauti ili asisikie, na kilio kikapanda pamoja na mlio, kikawa chembamba, kikawa si cha mtoto wala cha mtu, mpaka injini ilipoingia mia nane na hamsini na kutulia, ikinguruma sawasawa.

Akashika spana, akakaza nati.

Chuma kilianza kupata joto. Harufu ya dizeli ikajaa chumbani. Nesi akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Nyumbani, Fundi alimweleza mkewe yote, maana hawakuwa na tabia ya kufichana. Mke alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Alinitaja?"

"Mama Chiriku, nimekwambia hakuwa yeye. Ni jini."

"Nimekusikia. Nauliza, alinitaja?"

"Hapana."

"Hukumpa nafasi."

Fundi akamwonyesha vidole vyake vilivyopauka, akamweleza tena habari za mikono ya Nesi. Mke alivichukua vile vidole, akavipulizia pumzi ya joto kimoja kimoja, akavisugua polepole, na Fundi akashusha pumzi, akijua mkewe ameelewa.

"Mnunuzi anakuja Jumamosi, si ndiyo?" mke aliuliza.

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi." Aliendelea kusugua bila kuinua macho. "Hebu niambie, Baba Chiriku. Hiyo nati inafunguliwa kwa spana namba ngapi?"