Alimlilia Msichana wa Televisheni, Mimi Akaniita Ndumba

Keti karibu, msomaji, unisikilize polepole. Nina miaka thelathini na mbili, ninaishi Saio, hapa Bunia, na nina binti mmoja.

Nilimzaa kwa kupasuliwa. Kidonda kilikawia kupona, nikapewa tramadoli. Maumivu yalikwisha, lakini kuacha vidonge nikashindwa... Nisipomeza, nilitetemeka na kutokwa jasho. Nikawa ninavinunua sokoni kwa siri.

Jioni moja mimi na mume wangu tulitazama filamu. Msichana mzungu alikuwa amenaswa na dawa za kulevya. Wazazi wake walimkumbatia, wakampeleka kliniki yenye bustani. Mume wangu alifuta machozi. "Masikini, huyu mutoto iko mugonjwa," alisema.

Mwanaume mweusi katika filamu hiyo? Muuzaji mwenye bastola. Mwanamke mweusi aliyetumia dawa zilezile? Kahaba wa barabarani, hata jina hakupewa. Sisi hatuugui?

Lakini machozi yale yalinitia moyo. Nikamweleza mume wangu yote.

Alichukua kidonge kimoja, akamwita mama yake. Mama mkwe akakigeuzageuza kidonge kiganjani.

"Hii ni dawa ya bachimbaji ya zahabu ya kule Kilo," alisema. "Inabapatia nguvu mu shimo. Sasa weye, unachimba zahabu wapi?"

"Mama, ilikuwa ya kidonda."

"Kidonda kilishapona. Ni muchimbaji gani iko anakupatia?"

Hapo mume wangu akaniita ndumba, yaani kahaba... Yeye aliyemlilia mgeni ambaye hata si mtu wa kweli! Niliapa kwamba sina mwanaume Kilo. Nani angesikia? Walimchukua binti yangu, bado ananyonya, wakampeleka Mahagi, kwa mama mkwe.

Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka hospitali ya Nyankunde. Muuguzi alinieleza kwamba mwili huzoea dawa hiyo, wa mwanamke kama wa mchimbaji, na kwamba hupunguzwa kidogo kidogo. Nilipona. Lakini nilipokwenda Mahagi baada ya mwaka mzima, binti yangu, sasa anajua kusema, alijificha nyuma ya mama mkwe, akamuuliza mimi ni nani.

Ndugu zangu, filamu haijui kinachoendelea nyumbani kwako. Anayemeza bila kuweza kuacha ni mgonjwa, awe mzungu au mweusi, mume au mke, na anaweza kupona. Ukimkuta mkeo au dada yako na vidonge, usimuulize ni nani aliyempa. Muulize alianza kuvimeza kwa ajili ya nini, kisha msindikize kwa muuguzi siku hiyohiyo.