Mtemi Nzegwa Hakuzikwa

Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi ambayo Hellen hakuiandika.

Alikuwa kitandani, nyumbani Mabatini, mtoto wa siku nane mapajani, akikagua nakala ya majaribio ya kijitabu cha hoteli. Likizo ya uzazi? Hiyo ilikuwa ya serikalini. Mwaka ule wa 1995, aliyeajiriwa na mtu binafsi alizaa Ijumaa, na Jumatatu kazi ilimfuata ndani ya bahasha. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: *Mtemi Nzegwa hakuzikwa.* Karatasi ilinuka matope ya ziwa.

Akamshuku mpiga chapa. Kisha akamshuku bosi wake, Rwekaza, maana yote yalianzia kwake. Rwekaza alikuwa amenunua nyumba ya wageni ya serikali kwenye rasi ya mawe, ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, na sasa alitaka ufalme. Watalii, alisema, hawapandi kivuko kwenda kutazama mawe. Hellen, aliyesoma historia chuo kikuu, alimweleza kwamba pale hapajawahi kuwa na mfalme. Palikuwa na wavuvi na makaburi yao. Rwekaza akacheka.

"Dada, si una digrii? Tengeneza."

Akatengeneza. Kwa jioni moja alitunga Bunzegwa, nchi iliyopewa jina la mtemi Nzegwa, aliyetoka ziwani bila baba wala mama, akagonga jiwe kwa fimbo na kutangaza kwamba kila asimamaye juu yake ni mtu wake. Jina alilitoa kichwani tu, akalitamka mara tatu nne mpaka likakaa sawa mdomoni. Kampuni ya Rwekaza ikalifanyia kazi kuliko alivyodhani. Wavuvi waliambiwa rasi ni mali ya kale ya Bunzegwa, wajiandae kuhama; na kazi za hoteli watapewa wazawa wa Bunzegwa peke yao.

Hellen aliikata ile sentensi kwa kalamu nyekundu. Nakala ya pili ilirudi nayo, imeongezeka: *Mtemi Nzegwa hakuzikwa. Anatafuta mama.* Siku hiyohiyo mtoto akakataa kunyonya.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Mama mkwe wake, Paskazia, alikuja kutoka Misungwi na wala hakushangaa. Mtoto anayekataa titi anadai jina la mkubwa wake aliyetangulia. Unamweka kifuani, unawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na atakapofungua mdomo umelipata jina lake. Asubuhi nzima Paskazia alitaja. Masalu, Luhende, Luhaga, wa kuumeni wakaisha, wa kuukeni wakaisha, na mtoto kafunga mdomo vilevile, macho wazi, akimkodolea mama yake kama anayengoja zamu yake, na chini ya sakafu, mchana ule jua likiwaka, kitu kikawa kinagonga polepole, fimbo juu ya jiwe.

"Kuna mmoja unamficha," Paskazia alinong'ona. "Ni nani, mwanangu?"

"Hakuna, mama."

Kesho yake Hellen alivuka ghuba kwenda kwa Ndalahwa, mganga mwanamke ambaye nyumba yake ndiyo ya mwisho iliyobaki pale rasini. Ndalahwa alimsikiliza akichambua dagaa, hakuinua kichwa mpaka mwisho. Alisema lile ziwa lina majini wasio na jina, na wazee walikataa kuwapa hata la utani, kwa sababu asiye na jina hana mlango wa kuingilia.

"Wewe umempa jina, umempa nchi, umempa na watu. Kakosa mwili tu," alisema. "Ulimtangaza kwa watu. Mkane mbele ya watu. Wakikuitikia, ataondoka."

Siku ya ufunguzi wa hoteli ilikuwa kesho yake. Hellen alipanda jukwaani bila kuitwa, mtoto mkononi, siku ya nne hajaonja kitu ila matone ya maji ya sukari, mwepesi kama kifurushi cha majani.

"Shikamooni wazee," alisema. "Bunzegwa haijawahi kuwepo. Nzegwa nilimtunga mimi. Naomba mniitikie hivyo, mtoto wangu apone."

Akamtafuta kwa macho mzee Ngosha, mvuvi ambaye mwenyewe ndiye aliyemwambia, mwanzoni kabisa, kwamba baba yake kazikwa pale na mfalme hawamjui. Ngosha alimtazama Hellen. Kisha alimtazama Rwekaza, aliyeshika karatasi ya watakaoajiriwa.

"Binti huyu kachoshwa na uzazi," Ngosha alisema taratibu. "Babu yangu alimpelekea Nzegwa sato, kila mwezi mwandamo."

Mwingine akasema babu yake alimchungia ng'ombe, na mwanamke mmoja akasema kwao walikuwa wapiga ngoma wake, na wakawa wanasimama mmoja baada ya mwingine, watu ambao makaburi yao yalikuwa hatua ishirini kutoka pale, kila mmoja akilitaja jina kwa sauti kubwa kuliko aliyemtangulia ili Rwekaza asikie, mpaka rasi nzima ikawa inaliita, Nzegwa, Nzegwa, na kifuani pa Hellen mdomo mdogo ukafunguka, ukatafuta, ukashika.

Paskazia, aliyevuka naye asubuhi, alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, machozi ya furaha yakimtoka.

Hellen alijua ni nani anayenyonya. Angeweza kumtoa. Akamwekea mkono chini ya kichwa, akamsogeza karibu zaidi.