Taslimu Hana Alama

"Kaka, wewe si mdaiwa sugu," afisa mikopo aliniambia, akinigeuzia kompyuta. "Hatukujui tu. Hujawahi kukopa popote, kwa hiyo huna alama za mkopo."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kwako. Sisi tunataka mtu aliyekopa akalipa kwa wakati."

Nilitoka pale uso umenishuka, bila mkopo niliotaka wa kupanua karakana. Mimi fundi friji, mtaa mzima unaniita Taslimu kwa sababu hata bisibisi nanunua kwa pesa mkononi. Kwa jeuri hiyohiyo nilimwacha mchumba wangu, msusi wa saluni jirani na karakana yangu, siku nilipoona ujumbe kwenye simu yake: "Mkopo wako umechelewa siku 40." Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mimi sioi madeni.

Mwaka na nusu ulikuwa umepita. Nilijikaza kiume, nikaingia saluni. Alikuwa anaosha vitana.

"Karibu, Taslimu. Friji letu halijaharibika."

"Nimekuja kuomba radhi. Leo nimenyimwa mkopo. Eti sina alama."

Alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Kisha akanionyesha taarifa yake ya mikopo kwenye simu. Alama zake zilikuwa juu.

"Umefanyaje?"

"Niliomba taarifa yangu, nikaisoma mstari kwa mstari. Mkopo mmoja nilishamaliza, bado wameandika nadaiwa. Nikapeleka risiti, wakarekebisha. Ule wa siku arobaini nikaulipa kidogo kidogo. Nikaacha kukopa huku na huku, na tangu hapo sijachelewa hata siku moja."

"Ule wa siku arobaini ulikuwa wa nini?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulitaka ukumbi wa harusi yetu ulipwe wote taslimu, nusu kwa nusu. Nusu yangu unadhani niliitoa wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nisamehe, mpenzi. Bado nakupenda."

"Maneno unayo, Taslimu. Sijaona vitendo. Kopa kidogo, mkopo mdogo hawadai alama, lipa kila tarehe tano, unijulishe. Miezi sita."

"Hiyo ni ya benki. Na wewe je?"

"Na mimi vilevile."

Nikakopa, kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe tano nikamwandikia: "Nimelipa."

Akajibu: "Sawa."

Mwezi wa pili: "Sawa." Wa tatu nililipa tarehe nne.

"Una haraka ya wapi?" aliandika. Nilitabasamu kutwa nzima.

Mwezi wa sita nikatuma: "Nimelipa wa mwisho." Nikisubiri jibu, nikafungua friji la mteja, nikalifunga, nikalifungua tena. Simu ikaita.

"Taslimu."

"Naam, mpenzi."

"Nimeulizia ukumbi ule. Siku hizi wanapokea kwa awamu."

Nikaweka bisibisi chini.

"Awamu ya kwanza lini?"

"Tarehe tano. Usichelewe."

Nikafunga karakana saa nne asubuhi, nikakimbilia saluni, mteja akiwa amesimama mlangoni na friji lake.