Nta Kwenye Tundu la Ufunguo

Bibi yangu, Hester Pym, alikuwa mtumishi katika jumba la Harrowmere, na nyuki wa bustani walikuwa mikononi mwake. Nayaandika haya kama alivyoyasimulia, bila kuongeza.

Mchana mmoja wa kiangazi, wakati wa vita, yeye na watumishi wenzake walikuwa jikoni wakimenya njegere telegramu ilipofika. Bwana Lionel, mtoto pekee wa nyumba ile, hajulikani alipo.

Kwetu mtu wa nyumbani akifa, nyuki huambiwa. Unagonga kila mzinga kwa ufunguo wa mlango mkubwa, unawapa habari, unafunga kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, huhama au hufa.

"Tulia wewe," mpishi, Bi Gadd, alimwambia Hester alipoinuka kwenda bustanini. "Wamesema kapotea. Mume wangu mimi hupotea kila Jumamosi."

Hester alicheka pamoja na wengine. Lakini mwaka uliotangulia nyuki wa mzinga mmoja walihama, na bibi mkubwa wa jumba aliapa kumfukuza kazi wakihama tena. Akachukua ufunguo. Akagonga.

"Bwana Lionel amekufa," akanong'ona.

Nyuki hawakuhama.

Majani yalipoanza kupukutika, Bwana Lionel alirudi akichechemea, mzima. Nyumba nzima ililia kwa furaha. Alipopita bustanini, mvumo wa mizinga ulikatika ghafla.

"Hester, vitambaa hivi vya nini? Nani kafa?"

"Hakuna, bwana. Nilisahau kuvitoa."

"Usije ukawa umenizika mimi, we msichana!" akatania.

Hester alivitoa vyote. Akainamia mzinga. "Nilikosea. Yuko hai." Kimya. Asubuhi vitambaa vilikuwa vimerudi, vimefungwa kwa fundo lake mwenyewe.

Bwana Lionel akaanza kulalamikia baridi. Alivaa koti juu ya koti, mbele ya moto. Nyuki waliingia chumbani mwake, wakatulia ukutani juu ya kitanda. Hawakumuuma. Walisubiri.

Hester alimweleza Bi Gadd yote. Safari hii mpishi hakutania.

"Nimwambie, Bi Gadd?"

"Umwambie nini, mwanangu? Kwamba amekufa?"

Hakumwambia.

Alasiri moja Bwana Lionel hakushuka kunywa chai. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Hester alichungulia tundu la ufunguo. Limezibwa kwa nta. Mlango ukavunjwa. Bwana Lionel alikuwa kitini, mikono kifuani. Kope zake pia zilizibwa kwa nta.

Ilikuwa bado laini.

Bibi alizeekea kwetu mjini, mbali na bustani yoyote. Asali hakuigusa tena. Alituomba jambo moja tu: "Nikifa, msiseme upesi. Hakikisheni kwanza."

Tulimtii. Hakuna aliyetamka neno mpaka daktari alipotamka. Lakini asubuhi ya siku aliyokufa, bibi akiwa bado kitandani ananigombeza kwamba chai yangu ni maji matupu, nilitaka kufunga mlango wake, lakini ufunguo ukakataa kuingia.

Nilipitisha kidole kwenye tundu. Nta. Laini.

Tunakaa ghorofani, na nje theluji ilikuwa inaanguka, majira ambayo nyuki hawaruki.