Kilo Kumi na Tano za Eilif

"Panda juu ya ski, simama sawasawa, uzito miguu yote miwili," nilisema bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule, siku ya soko letu la ski zilizotumika, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, karatasi mkononi, na mgongo ulikuwa unaniuma tangu asubuhi.

"Sijaja kununua, Halldis. Nimekuja kuuza."

Sauti ile! Nikainua macho taratibu: buti, suruali inayoning'inia, sweta ya kijivu niliyoifuma mwenyewe, halafu uso wa Eilif. Miaka mitatu tunaishi mji mmoja na kununua mikate duka moja, na miaka yote hiyo nikimwona najificha nyuma ya friji za maziwa mpaka apite.

Niwaambie ukweli mapema ili mnihukumu vizuri. Mimi ndiye niliyemwacha. Tuliishi pamoja miaka kumi na moja, halafu nikaondoka na Roar, mwenye duka la ski kule kituo cha treni. Roar alikuwa na maneno matamu na punguzo la asilimia arobaini. Kila toleo la mwaka uliopita likibaki, ananivuta pembeni: "Hii nimekufichia wewe, mrembo." Mwanamke wa miaka arobaini na tisa kuitwa mrembo mbele ya rafu ya bei nafuu, akili inaruka! Mwaka haujaisha nikagundua warembo wengine watatu nao wamefichiwa. Rahisi ghali, wahenga walisema, mimi nikajifanya sisikii.

Tangu hapo naishi peke yangu juu ya duka la maua. Jumapili nawasha redio mbili, ya jikoni na ya sebuleni, ili nyumba isikike kama ina watu.

"Unauza zipi?" nikamuuliza.

"Zote."

Akalaza jozi tatu sakafuni. Moja ya theluji kavu ya baridi kali, moja ya theluji kuukuu iliyoganda ikawa kama kioo, na moja ya zile siku mbovu za nyuzi sifuri, theluji majimaji, hakuna nta inayoshika. Kwetu mtu akiuza jozi moja anabadilisha. Akiuza zote, watu wanauliza kama amefiwa.

"Unahama?"

"Bergen. Dada ana chumba cha chini. Kule ni mvua tu, sitazihitaji."

"Lini?"

"Jumatano."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Gunnvor, rafiki yangu, alikuwa anauza maandazi bapa ya moto meza ya pili. Huyo hapitwi na neno.

"Bergen! Eilif, utaota kuvu mwilini, bwana wewe! Hata mbuzi wa kule wanavaa makoti ya mvua!"

"Afadhali kuvu," alijibu Eilif. Hakutabasamu.

Nikavuta lebo yake. Aliandika: uzito wa mtu, kilo 82. Katika soko letu la Oktoba hatuuzi ski bila kuthibitisha uzito, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Ski ya kutembelea milimani imepinda juu katikati, na pale katikati ndipo unapopaka nta ya kushika. Ukisukuma mguu, ile sehemu inatakiwa kushuka iume theluji. Mtu akiwa mwepesi mno haishuki, anarudi kinyumenyume. Akiwa mzito mno inaburuza muda wote.

"Simama," nikamwambia. "Mguu mmoja."

Alisimama. Nilipitisha karatasi chini ya ski. Ilitakiwa ibanwe, lakini ilipita yote bila kugusa kitu. Nikarudia. Ikapita tena.

"Eilif, una kilo ngapi?"

"Themanini na mbili. Si unajua?"

"Nilikuwa najua. Gunnvor! Lete mzani."

"Acha, Halldis. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Panda."

Sitini na saba. Gunnvor aliinama kusoma namba, akafunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tusome wote darasa la kwanza.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Daktari kapima kila kitu. Mzima."

"Sasa nini?"

Alijikuna shingo.

"Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kijinga, Halldis. Namenya kiazi, nakiangalia, nakirudisha."

Nilitamani sakafu inimeze. Kilo kumi na tano! Hizo nilizibeba mimi siku nilipofunga begi langu.

"Msimu uliopita ulitembeaje?" nikamuuliza, maana la ski angalau nililiweza.

"Nilirudi nyuma kila kilima. Napaka nta zaidi, narudi nyuma. Wazee wa miaka themanini wananipita wananipungia mkono. Nikajua miguu imekwisha. Ndiyo maana naondoka. Mtu asiyeweza kupanda kilima anakaa huku kufanya nini?"

"Miguu haijaisha. Hizi ski ni ngumu kwako sasa. Hata bingwa wa dunia mwenye kilo sitini na saba angeporomoka nazo."

Akaziangalia ski chini ya miguu yake.

"Yaani nimelia mlimani msimu mzima kwa sababu sijajipima?"

"Ndiyo."

Akashuka, akavuta zipu ya koti.

"Roar alikupa punguzo la ngapi?"

Watu wa foleni wote wakatega masikio.

"Arobaini."

"Na mimi nilikuwa bei gani?"

Aliacha ski zote pale sakafuni, akaelekea mlangoni.

"Nilikosea, Eilif!" nikapiga kelele mbele ya kadamnasi. "Nilikosea mimi!"

Hakugeuka.

"Mfuate!" Gunnvor akanisukuma.

"Siwezi. Nitamwambia nini?"

"Basi kaa hapo na karatasi yako."

Mchana wote niliendelea kupima watu, macho yananiwasha. Karibu na kufunga, mwalimu mmoja akaleta jozi. Niliikagua kama nanunua ng'ombe. Toleo la mwaka juzi, chini haijaungua kwa pasi ya kuyeyushia nta, mkia haujabanduka, imepinda sawa pande zote mbili. Kilo 64 hadi 70. Lebo ilisema kroner mia tano. Nikambembeleza hadi mia nne.

Kisha nikamwandikia Eilif kwenye simu: "Ski zako sijauza. Nimepata jozi ya uzito wako wa sasa. Mlimani, kule juu ya ziwa, kuna theluji ya kutosha. Njoo ujaribu kabla hujahama."

Nikafunga ukumbi, nikatazama simu.

Nikaandika tena: "Nilikuacha kwa tamaa na ujinga. Wewe hukuwa na kosa. Sikuombi unirudie. Naomba tu usiondoke ukidhani miguu imekwisha."

Simu ikaita.

"Umenunua bei gani?" Hakuna hata salamu.

"Mia nne."

"Umeibiwa."

"Ilikuwa mia tano."

Nikasikia anapumua.

"Kesho saa nne asubuhi," akasema, akakata.

Asubuhi ilikuwa nyuzi sita chini ya sifuri, theluji kavu, nyepesi. Ski zake nilizipaka nta mwenyewe na hakunizuia. Kilima cha kwanza akasukuma mguu wa kulia kwa woga, kama anayekanyaga daraja bovu. Ski ikashika. Akasukuma wa kushoto. Ikashika. Akapanda mpaka juu bila kurudi hata hatua moja, akasimama kunipa mgongo, mabega yanatikisika. Nilibaki chini. Machozi yale hayakuwa ya kuyaingilia.

Nilipomfikia tukakaa juu ya ngozi ya kulungu wa theluji. Nikamimina mchuzi wa kondoo na kabichi kwenye kikombe cha chupa ya chai.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Dada ameshapaka rangi chumba."

"Najua."

Akanywa, akatafuna nyama taratibu.

"Umepika chakula cha wangapi?"

"Wawili. Napika cha wawili miaka yote hii, halafu nakula siku mbili."

Aliacha kutafuna. Hadi Jumatano zilibaki siku tatu. Alipomaliza kula, akakagua ski zake mpya, akapitisha kidole chini yake.

"Nikirudia kilo themanini, hizi zitanifaa?"

"Hapana. Zitaburuza. Itabidi uziuze mwakani, soko la Oktoba."

"Na zile tatu zangu?"

"Ziko kwangu. Nimeziegemeza sebuleni."

"Usiziuze," alisema. "Dada nitampigia leo, chumba akipangishe."

Kisha akaninyooshea kikombe.

"Niongezee."